Samadi Iliyokosa Shamba

Nimekulia Rungwe, mahali ambapo samadi ni mali. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa bandani hulisha migomba ya nyumba nzima, na jirani asiye na ng'ombe huja kuomba madebe mawili matatu kwa adabu ileile anayoombea mbegu. Niliposoma kwamba iko nchi ambako mfugaji hulipa fedha ili samadi iondoke kwake, nilitaka kwenda kuiona. Hasa nilitaka kuyaona yale majimaji yanayobaki baada ya samadi kupita kwenye mtambo wa biogesi. Kwetu huelekezwa kwenye mfereji yakaingia migombani. Kule, nilivyosikia, hutiwa asidi, chokaa na chumvi za chuma kabla ya kuruhusiwa kwenda popote.

Nchi yenyewe ni Uholanzi, na pembe niliyoiendea inaitwa Achterhoek, upande wa mashariki, mpakani na Ujerumani. Kutoka Arnhem treni hufuata bonde la mto IJssel hadi Zutphen. Hapo unabadili, unapanda treni ndogo inayokatiza mashamba kupitia Vorden na Ruurlo, kisha unashuka kituo cha Lichtenvoorde-Groenlo. Nchi ni tambarare, ya kijani, imepangwa kwa mistari: nyasi, mahindi, mtaro, safu ya miti, tena nyasi. Aliyenipokea ni dada mmoja wa Morogoro, mhadhiri aliyekuwa masomoni Wageningen akifanya uzamivu wake kuhusu mbolea zitokanazo na taka. Tulipokuwa njiani nilimuuliza mifugo yote inayosemwa iko wapi, maana nilikuwa nimeona ng'ombe wachache tu malishoni.

"Kaka, tazama yale mapaa marefu," akaniambia. "Ndani ya kila paa wamo nguruwe mamia kwa maelfu. Unaweza kupita hapa mwaka mzima usimwone hata mmoja."

Uholanzi ina nguruwe wapatao milioni 10 na ng'ombe karibu milioni 4, pamoja na watu takriban milioni 18, juu ya ardhi ambayo ingeingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara 20. Mifugo hiyo hutoa zaidi ya tani milioni 70 za samadi kwa mwaka. Ardhi hiyo peke yake haiwezi kuilisha mifugo yote, na hailazimiki kufanya hivyo: soya hushuka bandarini Rotterdam kutoka Brazil na kwingineko, hugeuzwa kuwa chakula cha nguruwe, nyama huuzwa nje, na kilichomo tumboni hubaki Achterhoek. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote niliyoyaona baadaye. Rutuba ya udongo wa ng'ambo ya Atlantiki huhamishwa kwa meli hadi kwenye kipande kidogo cha mchanga, na hakuna meli inayoirudisha.

Nasema mchanga kwa sababu udongo wa huko ni wa kichanga kweli. Maji ya mvua hupita ndani yake upesi, na nitreti hupita nayo hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Sheria ya Ulaya inataka maji hayo yasizidi miligramu 50 za nitreti kwa lita. Ili kiwango hicho kifikiwe, Agizo la Nitreti la mwaka 1991 liliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Tangu 2006 Waholanzi walikuwa na ruhusa ya pekee: wafugaji wenye mashamba mengi ya nyasi waliweza kumwaga hadi kilo 250. Mwaka 2022 Tume ya Ulaya iliamua ruhusa hiyo ipunguzwe hatua kwa hatua hadi ifutike kabisa ifikapo 2026. Kilo zilizofutwa hazikuacha kutoka kwa wanyama. Zikawa zinatafuta pa kwenda, na bei ya kuziondoa ikapanda.

Huko samadi hufuatiliwa kwa ukali. Lori linaloibeba lina kifaa cha setilaiti kinachoonyesha lilipopakia na lilipomwaga, na sampuli za shehena hupelekwa maabara zikapimwe naitrojeni na fosforasi. Miezi ya baridi ni marufuku kuimwaga shambani, kwa hiyo kila mfugaji ana tangi au shimo kubwa la kuihifadhi hadi majira ya kupanda. Hata hivyo mwaka 2017 gazeti la NRC lilifichua udanganyifu mkubwa kusini mwa nchi, shehena zikiandikwa kwenda mahali zisikokwenda. Penye gharama kubwa ya kutupa, wapo watakaotupa usiku.

Kabla sijafika kwenye mtambo nilikuwa na dhana ambayo nimeikuta kwa watu wengi wa kwetu, wakiwamo maofisa: kwamba biogesi inamaliza samadi. Haimalizi. Bakteria ndani ya tangi lisilo na hewa hula sehemu ya kaboni na kuitoa kama methani na kaboni dioksidi. Naitrojeni yote hubaki, fosforasi yote hubaki, potasiamu yote hubaki, na ukiingiza tani moja ya tope hutoka karibu tani nzima. Kinachobadilika ni umbo. Naitrojeni iliyokuwa imefungwa kwenye protini hufunguka ikawa amoniamu, ambayo mmea huinyonya kwa urahisi, na ambayo pia hutoroka kwa urahisi, ama hewani kama amonia ama ardhini ikishageuka nitreti. Kwa mwenye migomba hilo ni jambo jema. Kwa Achterhoek tatizo linabaki lilelile, isipokuwa limekuwa jepesi zaidi kukimbia.

Mtambo tulioutembelea ni wa kundi la wafugaji, katikati ya mashamba, na sitautaja jina kwa sababu tulikaribishwa kama wageni wala hatukwenda kwa kazi ya uandishi. Kuna matangi makubwa ya mviringo yenye mapaa ya plastiki ya kijani yaliyovimba kwa gesi. Malori huingia, hushusha, huoshwa, hutoka. Meneja alitupa buti, makoti, na kifaa kidogo cha kupimia gesi cha kubana kifuani. Kuhusu kifaa hicho hakuwa na masihara hata kidogo. Samadi ina salfa, na salfa ikikosa hewa huwa haidrojeni salfidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo utainusa mara moja. Ikiwa nyingi pua hufa ganzi, husikii harufu yoyote, na pumzi chache zinatosha kuua. Watu wamekufa kwenye mashimo ya samadi wakifuatana, wa pili akishuka kumwokoa wa kwanza. Na kama kuna saa ya hatari zaidi, ni pale unapolitia asidi tope lililokomaa, kwa sababu asidi ndiyo inayoifukuza gesi hiyo itoke kwenye maji kwa mkupuo.

Tope linapotoka kwenye tangi la mmeng'enyo ni jeusi, zito kama uji mwepesi, lina joto la mwili na harufu ya amonia inayochoma macho. Harufu mbovu ya mavi mabichi imepungua sana. Kituo cha kwanza ni mashine ya kutenganisha: pipa refu la chuma lililolazwa, linalozunguka kwa kasi hivi kwamba vitu vizito hubanwa ukutani na majimaji hutoka upande mwingine. Kabla ya kuingia humo tope hutiwa polima, nyuzi ndefu za kikemia zinazokamata chembe ndogondogo na kuzifunga mabonge. Bila polima chembe laini hubaki zikielea, na chembe hizo ndizo zitakazokuja kuziba kila kitu mbele ya safari.

Upande mmoja huanguka kitu kinachofanana na udongo wa bustani, kikiwa kimebeba sehemu kubwa ya fosforasi. Upande mwingine hutiririka maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakiwa na gramu tatu hadi tano za naitrojeni ya amoniamu kwa lita. Niliyainamia maji hayo kwa muda. Ndiyo niliyoyasafiria. Kwa macho si kitu, lakini lita elfu moja zina naitrojeni inayokaribia ya nusu mfuko wa mbolea ya SA, na kwa siku moja mtambo kama ule hutoa mamia ya maelfu ya lita.

Dada yangu wa Morogoro ndiye aliyenieleza kikemia kilichofuata, akichora kwa kalamu kwenye ganda la boksi. Naitrojeni ile ina sura mbili. Moja ni amoniamu, chumvi iliyoyeyuka, ambayo haiwezi kuruka hewani. Nyingine ni amonia, gesi, ambayo inaweza. Kinachoamua ni sura ipi itatawala ni kiwango cha pH cha maji. Kwenye pH 8, ambayo ndiyo ya tope la biogesi, katika joto la nyuzi 25, kama asilimia 5 tu ndiyo gesi. Pandisha hadi pH 11, na asilimia 98 imekuwa gesi. Sasa pitisha hewa nyingi ndani ya maji hayo kwenye mnara mrefu na hewa itaibeba karibu amonia yote itoke nayo. Kisha hewa hiyo ipitishe kwenye mnara wa pili unaonyeshewa asidi ya salfuriki. Amonia na asidi hukamatana papo hapo. Chini ya mnara unachota kimiminika cha salfeti ya amonia.

"SA," nikasema.

"SA yenyewe," akajibu. "Ile unayonunua dukani Tukuyu ina naitrojeni asilimia 21. Hii ya maji ina kama 8, lakini chumvi ni ileile."

Likiandikwa hivyo jambo linaonekana jepesi. Ugumu uko kwenye kupandisha pH. Majimaji ya samadi yamejaa bikaboneti, nayo hupambana na kila kijiko cha alkali unachotia. Ukitumia chokaa, ambayo ni rahisi kwa bei, unapata matope meupe ya kalsiamu kaboneti na ukoko mgumu unaoganda kwenye minara na mabomba. Ukitumia sodiamu haidroksaidi, hakuna ukoko, lakini sodiamu yote hubaki kwenye maji, na mkulima yeyote anayejua udongo wa chumvi hatataka maji hayo shambani kwake. Kwa hiyo pale wanaanza bila kemikali: hupasha maji moto kwa joto la ziada la injini ya gesi, hupuliza hewa kufukuza kaboni dioksidi kwanza, na pH hupanda yenyewe hadi karibu 9. Kwa joto la nyuzi 60 au 70 kiwango hicho kinatosha kutoa sehemu kubwa ya amonia, na alkali huongezwa kidogo tu mwishoni. Niliuona huo kuwa uamuzi wa watu wenye akili. Kemikali wameipa kazi ile tu ambayo joto na hewa haviwezi kuifanya.

Asidi hata hivyo haikwepeki. Nilipiga hesabu kwenye ganda lilelile la boksi: kila kilo moja ya naitrojeni inayokamatwa inakula kilo tatu na nusu za asidi ya salfuriki. Maji yenye kilo nne za naitrojeni kwa meta ya ujazo yanataka kilo 14 za asidi kwa kila meta. Pale uani palikuwa na tangi la asidi lenye kuta mbili, bafu la dharura la kuoshea macho kando yake, na uzio. Asidi hiyo mara nyingi ni mazao ya ziada ya viwanda vya kusafisha mafuta na kuyeyusha madini, kwa hiyo huko bei yake si kubwa. Kwetu asidi husafirishwa mbali na kwa hatari. Mtu atakayekuja kuuza mtambo wa namna hii Afrika Mashariki aulizwe kwanza asidi itatoka wapi, itapita barabara gani, na nani ataifungua koki yake.

Kuna jambo la kisheria ambalo lilinikera tangu nilipoelezwa, na bado linanikera. SA ile iliyotoka mnarani, ikiwa safi, haina tofauti na ya kiwandani. Lakini kwa kuwa chimbuko lake ni mnyama, kwa miaka mingi Agizo la Nitreti liliihesabu kuwa samadi, ndani ya kikomo cha kilo 170. Mkulima aliyekwisha kufikia kikomo akataka kuongeza naitrojeni kwa mahindi yake hakuruhusiwa kununua ile ya jirani. Aliruhusiwa kununua ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa gesi asilia. Mwaka 2020 watafiti wa Tume ya Ulaya walipendekeza vigezo vya kuzitambua mbolea kama hizi kuwa sawa na za kiwandani, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Walioogopa walikuwa na hoja: walihofu kwamba mlango ukifunguliwa, samadi ya kawaida itapenyezwa kwa jina jipya, na kisa cha 2017 kinawapa haki ya kuhofu. Ila wakati wa mabishano hayo, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea mwaka 2022 hadi mkulima wa Mbeya akapanda mahindi bila kitu, huku naitrojeni ikilipiwa iondoke Achterhoek.

Iko njia nyingine, inayotumika sana Flanders ya Ubelgiji na Brittany ya Ufaransa: kuwaachia bakteria waigeuze amoniamu kuwa nitreti, kisha wengine waigeuze nitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ile ambayo tayari ni asilimia 78 ya hewa. Maji husafika na mto hupona, na Brittany wana sababu nzito: mwani unaostawishwa na nitreti ya mashamba hurundikana fukweni kila kiangazi, huoza, na gesi yake iliua farasi mwaka 2009 ufukweni Saint-Michel-en-Grève. Siwezi kuwalaumu. Lakini sehemu ya naitrojeni ile iliwahi kunyofolewa hewani kiwandani kwa shinikizo kubwa na moto, ikalisha mmea uliomlisha nguruwe, na sasa umeme unatumika kuirudisha hewani. Katika yote niliyoelezwa safarini, hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi.

Upande wa ule udongo mweusi uliotoka kwenye mashine kazi ni ya fosforasi. Huchanganywa na maji, hutiwa asidi hadi pH ishuke kiasi cha 5, na povu hupanda kama la maziwa yanayotaka kumwagika, maana bikaboneti yote inageuka gesi. Asidi huyeyusha fosfeti zilizoshikwa na kalsiamu na magnesiamu. Tope hukamuliwa tena: fosforasi sasa imo kwenye maji, na kigumu kilichobaki hakina fosforasi nyingi, kinaweza kurudi hata kwenye shamba lililokwisha kushiba. Kisha maji hutiwa chokaa au magnesiamu haidroksaidi, pH hupanda, na fosforasi huanguka chini ikiwa unga mweupe wa kijivu. Nilishika kiganja kimoja. Haina harufu.

Ukitia magnesiamu kwenye maji yenye amoniamu na fosfeti, zote tatu huungana kwa uwiano wa moja kwa moja kwa moja na kuwa fuwele iitwayo struviti. Meneja alituonyesha kipande cha bomba lililokatwa, nafasi ya kupita maji ikiwa imebaki kama tundu la kidole, kuta zote zimejaa fuwele nyeupe zilizojiotea zenyewe. Adui wa mafundi bomba ni mbolea nzuri sana: huyeyuka polepole, haichomi mizizi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1845 mjini Hamburg na mkemia Georg Ludwig Ulex, aliyeikuta kwenye udongo wa samadi ya kale ulipochimbwa msingi wa kanisa la Mtakatifu Nikolai. Na mji huohuo, mwaka 1669, Hennig Brand aliigundua fosforasi yenyewe kwa kuchemsha mkojo. Watu wakaisahau asili hiyo, wakaenda kuchimba miamba.

Sisi tunayo miamba hiyo. Minjingu, mkoani Manyara, fosfeti inayochimbwa ilitokana na ndege wa majini wa zama za kale, vinyesi na mifupa yao iliyolundikana kando ya ziwa lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Manyara la leo. Nilipomtajia dada yangu Minjingu alisimama. Alisema hilo ndilo analowaambia wanafunzi wake kila mwaka: udongo mwingi wa Afrika Mashariki una njaa ya fosforasi, na fosforasi ya Achterhoek imezidi kwa sababu ilitoka kwenye mashamba ya watu wengine. Unga ule mweupe ni mkavu, hauozi, unaweza kusafiri. Samadi ya maji haiwezi, kwani sehemu tisa kati ya kumi zake ni maji na hakuna anayelipa nauli ya maji. Kwa maoni yangu thamani ya kemia yote ile iko hapo tu. Haiangamizi chochote. Inakipa kilichozidi mahali pamoja umbo linaloweza kupakiwa.

Yalibaki maji ya rangi ya chai, sasa yakiwa yamepungukiwa amonia. Hutiwa kloridi ya feri, ambayo hukamata rangi, fosfeti ya mwisho na chembe zilizoponyoka, kisha vipovu vidogo vya hewa huinua uchafu huo juu ukakwanguliwe. Chuma hicho kina bei yake: fosforasi ikishashikwa nacho, mmea huipata kwa shida, ndiyo maana huachwa hadi mwisho, baada ya fosforasi yenye faida kutolewa. Halafu maji husukumwa kwa shinikizo kubwa kwenye tando zenye vitundu visivyopitisha chumvi. Upande mmoja hubaki maji mazito yenye potasiamu, yanayochukuliwa na wakulima wa viazi na nyasi. Upande wa pili hutoka maji meupe, ambayo hupitishwa kwenye punje za resini kunasa amoniamu iliyosalia, na kuachiwa mtaroni. Mtaro huo huenda kwenye kijito, na maji ya sehemu hizo huukuta mto Berkel, unaoingia IJssel pale Zutphen. Vipimo huchukuliwa bila kukoma, na likizidi jambo moja vali hujifunga.

Umeme wa pampu hizo ni mwingi. Tando huzeeka na huoshwa kwa asidi na alkali tena. Polima hununuliwa. Meneja hakuficha: bila ruzuku ya nishati na bila ada wanayolipa wafugaji, mtambo haujiendeshi, na mbolea zote zinazotoka hazifidii hata dawa zinazoingia.

Jioni alitupeleka kwa mmoja wa wafugaji wanaouletea mtambo samadi, mzee mwenye mabanda matatu, ambaye mkewe alituandalia kahawa na keki ya tufaha. Alizungumza Kiholanzi, dada akinitafsiria. Baba yake alianza na ng'ombe wachache, nguruwe wachache na shayiri yake mwenyewe, na samadi ilikuwa haitoshi. Miaka ya sitini na sabini wataalamu na benki wakamwambia akuze, naye akakuza. Nilimuuliza, kwa heshima, kama mtambo umemwondolea shida. Alifikiri kwanza. Akasema umemwondolea lori, haujamwondolea bili.

Kisha akaleta karatasi mezani. Mwaka 2023 serikali ya Uholanzi ilifungua mpango wa kuwalipa wafugaji wanaokubali kufunga mabanda yao moja kwa moja, kwa ajili ya kupunguza naitrojeni inayoangukia misitu na vinamasi vilivyolindwa. Alikuwa akijadiliana na mkewe na binti yao. Binti hataki nguruwe. Anataka ng'ombe wachache na nyasi zao wenyewe, hesabu ambayo babu yake angeielewa.

Tulipokuwa tunarudi kituoni nilimuuliza meneja swali lililokuwa limenikaa: mabanda yakifungwa, mtambo utalishwa nini? Alisema mkopo wa matangi na tando ulipangwa kwa miaka mingi na kwa hesabu ya tani fulani kwa mwaka. Zikipungua tani za karibu, itabidi malori yaende mbali zaidi, pengine kuvuka hadi upande wa Ujerumani. Dada akamwuliza kama haoni kwamba mtambo uliojengwa kuiondoa ziada sasa unaihitaji ziada ibaki. Akajibu kwamba anaona, na kwamba swali hilo walipaswa kuulizwa kabla ya kumwaga zege. Nililiandika kwenye daftari pamoja na lile la asidi, kwa sababu kando ya Dar es Salaam na Nairobi mabanda ya nguruwe na kuku yanazidi kurefuka bila mashamba nyuma yake, na zege la mitambo yake bado halijamwagwa.